Mabungo yamefika

Juzi nilipita Soko la Mgandini, Tanga, kununua nyanya, harufu ya mabungo ikanisimamisha. Anayelijua bungo anaijua chachu yake: ukilipasua, inapanda puani hata kabla hujalitia mdomoni. Nilisimama pale na kikapu mpaka muuzaji akaniuliza, "Dada, nikufungie fungu?" Sikununua. Nilikuwa nimesharudi mwaka 2018, kwenye kile chumba changu cha unasihi pale Chumbageni, na yule mzee wa kanzu iliyopigwa pasi.

Nitamwita Mzee tu. Mambo kadhaa nimeyageuza ili asijulikane, na mwenyewe aliniruhusu nije niyasimulie. Binti yake aliolewa na mwanamume ambaye Mzee hakumtaka. Siku ya ugomvi akamwambia, "Sina mtoto. Na nikifa usije kunizika." Binti akahamia Dodoma. Ikapita miaka 9, simu hapokei, na wajukuu wawili Mzee akawa anawaona kwenye simu ya jirani.

Vikao vitatu vya kwanza viliishia kwenye aya. Alinisomea Surat Al-Israa, aya ya 23, kwa Kiarabu kisha kwa Kiswahili: wazazi wasiambiwe hata "ah!" Sikubishana naye. Aya ni aya, na mimi ni umri wa binti yake. Wazazi wengi waliokatana na watoto wao huanzia hapo, na Wakristo nao huniletea ile amri ya kuwaheshimu baba na mama. Watoto wanaokuja kwangu huja na maneno hayohayo, ila wao wameyabeba kama gunia. Wapo waliokimbia kipigo, wapo waliokimbia matusi, na bado usiku wanajiuliza kama wamekosa radhi. Hao sijawahi kumlazimisha hata mmoja arudi nyumbani.

Kikao cha nne nikamsimulia habari za Pauline Boss, mtaalamu wa Marekani ambaye katika miaka ya 1970 alifuatilia familia za marubani waliopotea kwenye vita vya Vietnam. Aliona watu wenye msiba usio na maiti wala matanga, mtu hajui alie au aendelee kungoja. Mzee alinisikiliza, akatikisa kichwa taratibu.

"Mwanangu, hilo Nabii Yaakub alilijua. Alimlilia Yusuf mpaka macho yakawa meupe. Na Yusuf yu hai."

Nilishindwa kuongeza neno. Tukakubaliana kwamba kikao kijacho ataandika barua.

Alikuja na daftari jipya la mistari na kalamu ya wino wa buluu. Akaandika sentensi moja, akaligeuza daftari upande wangu: "Mwanangu, mimi baba yako nimekusamehe."

"Baba, yeye alikuomba msamaha?"

"Hapana."

"Na wewe siku ile ulimwambia neno gani?"

Hakujibu. Pangaboi lilikuwa likizunguka na kugonga kidogo kila likimaliza duara. Mzee alirudisha daftari kwake, akaiweka ncha ya kalamu juu ya "nimekusamehe" na kuiacha pale. Wino ukaanza kunywewa na karatasi, nukta ikawa kubwa kama mbegu ya ufuta, kisha kama punje ya mtama. Nilikuwa naiangalia ile nukta kwa sababu uso wake sikuthubutu kuuangalia.

"Mwanangu," akasema, "radhi kwetu mtoto ndiye huiomba kwa mzazi. Kupanda inapanda. Kushuka sijaiona ikishuka."

"Lakini mtu ukimkanyaga kwenye daladala unamwambia niwie radhi."

"Huyo hanijui. Mgumu ni anayenijua."

Kisha akatoa kadi yake ya bima ya afya mfukoni, akailaza chini ya ile sentensi kama rula, akaisogeza juu kidogo, akapiga mstari ulionyooka toka mwanzo hadi mwisho. Chini yake akaandika kwa hati ya watu waliosoma zamani, herufi zote zimelalia upande mmoja: "Niwie radhi kwa lile neno la kuzikana."

Akaanza mstari mwingine. "Lakini na wewe". Hapo nikanyoosha mkono, nikaweka kidole juu ya "lakini". Kazi imenifunza kwamba neno hilo likishaingia kwenye barua ya mzazi, mtoto huanza kusomea hapo na ya juu yote yanafutika. Mzee alikitazama kidole changu kwa muda, akalikata.

Barua aliituma kwa basi, ndani ya mfuko wa mabungo. Aliniambia binti yake, akiwa mdogo, alikuwa akiyala kwa chumvi na pilipili mpaka anabanduka ulimi.

Kile kidole ndicho kinachonirudia. Nyie mnaonifuatilia siku nyingi mnayajua ya marehemu baba yangu na mimi, sitayarudia. Barua kama ile sikuipata, na nilikuwa nimeingoja. Sasa sina hakika siku ile nilimshika kalamu Mzee kwa ajili ya binti yake, au kwa ajili yangu. Na hiyo "lakini" yake, pengine ndani yake mlikuwa na maumivu yaliyostahili kusikilizwa kwanza, na mimi, mnasihi wake, niliyafunika kwa ncha ya kidole.

Baada ya wiki mbili alikuja bila miadi, kitochi chake mkononi. Hakukaa. Shikamoo yangu aliiitikia huku ameshaninyoshea simu.

"Nisomee, mwanangu. Macho yangu hayaaminiki."

Nikasoma. Ilikuwa namba ya binti yake, na maneno mawili: "Mabungo yamefika."

"Soma tena."

Nikasoma tena. Nikabonyeza kushuka chini kutafuta kama kuna lingine. Hapakuwa na kitu.

"Sasa hiyo," akaniuliza, "ni radhi?"