Jinsi nilivyokubali yai la mwanamke nisiyemjua

Hapa Lubumbashi mwanamke akiolewa, watu husubiri kumwita kwa jina la mtoto wake. Mimi niliolewa mwaka 2013 nikiwa na miaka 33, na kwa miaka kumi mtaa mzima wa Bel-Air uliniita Mama Vitenge, kwa sababu nina meza ya vitenge pale soko la Mzee. Hawakuwa na nia mbaya. Lakini kila nilipoitwa hivyo nilisikia lile jina lingine ambalo halipo.

Miaka ya mwanzo sikuhangaika sana. Iliyofuata ndiyo inayoniuma mpaka leo. Daktari mmoja alinipa klomifeni, vidonge vya kuamsha mayai, siku 5 kila mwezi, akisema bado nina wakati. Hakumpima mume wangu hata mara moja. Hakupiga picha ya mirija ya uzazi. Nilimeza mwezi baada ya mwezi, nikachanganya na mizizi aliyoniletea mama mkwe kutoka Kasenga, na novena za kanisani. Maombi siyajutii. Vidonge nimevijutia, kwa kuwa vilikula miaka yangu mitatu ya thamani. Dada unayesoma haya, kama umepita miaka 35 na miezi 6 imekwisha bila mimba, usikubali dawa yoyote kabla hamjapimwa wote wawili.

Mwaka 2021 nilikuwa nimefika 41. Nikapata daktari mwingine, mwanamke, mtu wa maneno machache. Alianza na mume wangu: mbegu zake nzima. Mirija yangu iko wazi. Kisha akatuma damu yangu ipimwe homoni wanayoiita AMH, inayotoka kwenye vifuko vidogo vya mayai na kuonyesha akiba iliyobaki. Jibu likarudi 0.4, chini sana. Akachukua bahasha ya majibu hayo hayo, akachora duara kubwa, pembeni yake duara dogo, halafu nukta.

“Mtoto wa kike anazaliwa na mayai yake yote, milioni moja au mbili,” akaniambia. “Akivunja ungo yamebaki laki tatu, laki nne. Hayaongezeki. Mama, wewe uko hapa.” Kalamu yake ikakaa juu ya nukta. Bahasha ile ninayo bado.

Tulikubaliana tujaribu mara moja kwa mayai yangu, Lusaka, Oktoba 2022. Sindano nilianzia nyumbani, ekografi, ile picha ya tumbo, nikapiga hapa mjini na majibu tukayatuma kwa simu. Dawa zile zinataka baridi ya kati ya digrii 2 na 8. Siku ya tatu umeme ukakatika, haukurudi mpaka kesho yake usiku. Mama anayeuza samaki karibu na meza yangu ndiye aliyeniokoa. Nilienda kwake na termosi pana, akanijazia barafu asubuhi na jioni bila kuuliza kitu. Juu ya barafu nilitandika kitambaa kilichokunjwa mara nne ili sindano zisigande, maana dawa iliyoganda imeharibika sawa na iliyopata joto.

Na termosi hiyo hiyo nilivuka nayo mpaka wa Kasumbalesa, kilomita 90 hivi kutoka hapa. Malori ya shaba yalikuwa yamepangana mpaka jicho linachoka. Upande wa Zambia askari mmoja akataka niifungue. Nikamwambia kwa Kibemba, lugha ya bibi yangu, kwamba ni dawa ya kutafuta mtoto. Hakugusa sindano hata moja. Alikifunga kifuniko mwenyewe, kwa mikono miwili, akanirudishia.

Lusaka walitoa mayai 3. Yaliyokomaa yalikuwa 2. Moja likashika mbegu, likaendelea siku mbili, siku ya tatu likasimama. Dola 4,600 zikaishia hapo. Daktari wa kule alitukalisha akatueleza vizuri: yai lina umri wa mwenye yai, na baada ya miaka 42 mayai mengi yana kasoro kwenye kromosomu, zile nyuzi za urithi, ndiyo maana mengine hayashiki na mengine yanashika kisha mimba inaharibika. Kwa mayai yangu mwenyewe, matumaini ya kila jaribio hayafiki 10 kati ya 100. Mji wa mimba, akasema, hauchakai kwa kasi hiyo. Nikipewa yai la mwanamke kijana, matumaini yangu yanafuata umri wa huyo kijana, na yanaweza kupita 40 kati ya 100.

Nilidhani ni jambo la juzi. Kumbe watoto wa yai la kupewa wamezaliwa tangu miaka ya 1980. Wakubwa wao leo ni watu wazima, karibu rika langu.

Kukubali kulinichukua miezi 11, na hapa ndipo palikuwa na kazi. Sindano ni kitu kidogo.

Mdogo wangu wa kike alijitolea wa kwanza. Alikuja Jumapili mchana, akakaa jikoni nikichambua lengalenga. “Yaya, miye niko na batoto batatu. Kama mayai yangu inaweza kusaidia, kamata.” Nililia, na bado nalia nikikumbuka. Ana miaka 29, na tungekuwa damu moja. Lakini nilijiona miaka kumi mbele, mtoto amekosea, yeye anamkemea, na mimi nauliza moyoni anamkemea kama mama mdogo au kama nani. Tena yeye alitaka iwe siri, mumewe asijue kamwe. Siri inayokula nasi mezani kila Jumapili sikuiweza. Nikamwambia ukweli huo, akanielewa, ingawa miezi kadhaa hatukuwa kama zamani.

Kwa padri wetu nilienda nikijua atakachosema. Mimi ni Mkatoliki, na Kanisa lilikwisha kusema mwaka 1987, katika hati inayoitwa Donum Vitae, kwamba halikubali mimba kutungwa maabara, sembuse kwa yai la mtu wa tatu. Padri hakunificha fundisho na hakunifukuza. Aliniombea. Niliendelea na safari yangu, na misa sijaacha. Mambo hayo mawili nimeyabeba pamoja na sijapata namna ya kuyapatanisha.

Mama yangu mzazi nilimwogopa zaidi ya padri. Kwa upande wake, kwa Wabemba, mtoto ni wa ukoo wa mama. Sasa yai likitoka kwa mwanamke mwingine, mtoto ni wa ukoo gani? Nilimuuliza hivyo hivyo, bila kuzunguka. Alinyamaza muda mrefu, akiviringisha ncha ya kitenge chake kidoleni. Kisha akasema: “Tumbo ndilo mlango wa ukoo. Atakayepita humo ni wetu.” Akaongeza ile wanayosema wazee, kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, akaniuliza kama nimeshakula.

Akabaki mume wangu. Yeye ni fundi umeme kwenye kampuni ya madini upande wa Fungurume, anarudi nyumbani kila baada ya wiki mbili. Hofu yangu nilimwambia usiku mmoja taa zimezimwa, maana usoni nisingeweza: “Papa, mbegu itakuwa yako, yai si langu. Siku tukigombana, utaniambia mtoto si wangu?” Hakujibu. Alfajiri akapanda gari akaenda kazini, na wiki mbili zile sitaki kuzikumbuka.

Aliporudi, hakuja peke yake. Alikuja na kaka yake mkubwa, aliyesimamia mahari yangu. Wakakaa sebuleni, akaniita, akasema mbele yake: “Mama, siku nikitamka neno hilo, chukua mtoto uende kwenu, na mahari sitadai.” Kaka yake akaitikia, “Nimesikia.” Mtu wa kwetu anajua uzito wa maneno hayo. Usiku ule ndipo mimi nilipokubali.

Tulichagua Johannesburg, kwa sababu sheria yao iko wazi. Kule yai haliuzwi. Mtoa yai hurudishiwa gharama na usumbufu wake tu. Jina lake hutalijua, naye hatalijua lako. Kutoka mtoa yai mmoja hawaruhusu wazaliwe zaidi ya watoto 6. Wenye rangi yetu walikuwa wachache kwenye orodha niliyotumiwa, kwa hiyo tulingoja. Na huonyeshwi sura yake ya leo, unaonyeshwa picha zake za utotoni tu.

Jambo moja nawasihi Wakongo wenzangu msilisahau. Mume wangu damu yake ni AS, yaani amebeba selimundu bila kuugua. Mimi ni AA, sijaibeba, kwa hiyo hatukuwahi kuogopa mtoto wa selimundu yenyewe, ule ugonjwa wa damu wa kurithi tunaouita SS. Lakini yai likitoka kwa mwanamke ambaye naye ni AS, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto SS. Niliuliza kabla sijaangalia picha hata moja. Wawili niliokuwa nimeanza kuwapenda kwa maelezo yao wakaondoka kwenye orodha.

Aliyebaki alikuwa na miaka 26, AA, damu O, anasoma uhasibu, anacheza netiboli. Picha yake: mtoto wa miaka 4 hivi amesimama juu ya kiti cha plastiki, gauni la njano, soksi moja imepanda mpaka gotini, nyingine imeshuka imelala juu ya kiatu. Hatufanani kabisa. Niliiangalia ile soksi iliyoshuka, nikatamani kuinama kuivuta. Nikampigia mume wangu simu Fungurume nikamwambia ni huyu.

Tulitumia dola 9,400, ndege na chumba humo ndani. Tuliuza kiwanja chetu cha Kalebuka, nikaomba zamu yangu ya likelemba, mchango wetu wa kupokezana, isogezwe mbele, na akina mama sokoni wakanipa bila kunihoji. Usisahau kadi ya njano ya chanjo, bila hiyo hauingii Afrika Kusini ukitoka kwetu. Mimi nilimeza vidonge vya homoni ya estrojeni mpaka utando wa mji wa mimba ukafika milimita 9, kisha homoni nyingine, projesteroni, ya kuweka ukeni. Tulipata viinitete 4, yaani mayai yaliyoshika mbegu na kuanza kukua. Nilitaka waweke viwili kwa mara moja. Daktari akakataa: kwa umri wangu, mapacha ni hatari kwa presha na kwa watoto wenyewe. Akaweka kimoja, cha siku ya 5. Hakuna maumivu, ila kibofu kilichojaa kinakusumbua.

Mara ya kwanza haikushika. Sina la kusema juu ya wiki ile. Miezi minne baadaye nilirudi peke yangu kwa kile cha pili, na damu ikasema ndiyo.

Hapa kwetu, kliniki ya wajawazito, nilitaka kunyamaza. Nani wa kujua? Nashukuru sikunyamaza. Mimba ya yai la kupewa ina hatari kubwa zaidi ya presha ya ujauzito, na mimi tayari nilikuwa na 43. Daktari wangu alipojua, alinipa aspirini ndogo kuanzia wiki ya 12 na kunipima presha kila wiki nilipopita miezi mitano. Tena hesabu ya kipimo cha kasoro za kromosomu huandikwa umri wa mwenye yai. Wangeandika 43 badala ya 26, wangeniambia mambo ya kunitia hofu bure. Unaweza kuwaficha mawifi na jirani. Daktari anayekupokea mwambie, hata kama ni kwa kunong’ona. Wiki ya 37 presha ilipanda usiku mmoja, na kwa kuwa walikuwa wananitazamia, asubuhi nilikuwa nimekwisha kupasuliwa na mtoto analia.

Ni msichana. Tumeamua atajua, tangu akiwa mdogo, kwa maneno ya mtoto. Ndiyo maana ile karatasi ya mtoa yai na ile picha nimeziweka ndani ya daftari lake, pamoja na bahasha yenye nukta. Mama mkwe bado hajaambiwa. Mume wangu anasema ni kazi yake, ataifanya.

Sheria yetu ya familia, nayo ya 1987, inasema mama wa mtoto anajulikana kwa kuzaa, basi. Nililisoma neno hilo mara nyingi nikiwa mjamzito, lakini tulipoenda komini ya Kampemba kuandikisha, ndani ya zile siku 90, mikono ilinitoka jasho. Karani alikuwa kijana, hakuinua kichwa. Akauliza jina la baba, akaandika. Akauliza: “Mama wa mtoto?” Nikataja jina langu lote, taratibu, na kumtajia herufi moja moja ili asikosee. Akaandika. Akauliza la mtoto. Nikampa jina la bibi yangu, yule wa Kibemba. Akapiga muhuri, akapuliza wino, akaita wanaofuata.