Mashine ya maji ya koini ndani ya Verilog

Kama umetoka kwa Python ama C ukaingia Verilog, lugha ya kuelezea saketi za kidijitali, kitu itakusumbua kwanza ni vile inakaa kama unaijua. Kuna if, kuna case, kuna alama ya kujumlisha, unasema ah hii ni rahisi, na hapo ndio watu hupotelea juu wanaendelea kufikiria kuna mahali mstari wa kwanza unasomwa unaisha, halafu wa pili. Hakuna. Kile unaandika ni maelezo ya saketi, na saketi ikishawekwa stima kila geti (kile kipande kidogo cha mantiki) inafanya kazi saa ile ile, haingoji mwenzake.

Mtoi wa sista yangu ako chuo hapa Kisumu na Python ananishinda mbali. Aliniuliza, "Anko, sasa hii inaanza kusoma kutoka wapi?" Nikampea mistari miwili tu, a <= b halafu b <= a, ndani ya bloku moja ya kloki (yale mapigo yanaambia saketi ibadilike lini), nikamwambia haya simuleti, yaani ijaribu kwa kompyuta. Akaona a na b zimebadilishana bila kushikilia moja kando kwanza. Ile <= inamaanisha kloki ikipanda, thamani za zamani za upande wa kulia zinachukuliwa zote, kisha kushoto kunabadilika pamoja. Ukiweka = pekee, a inachukua b, halafu b inachukua hiyo a mpya, zote zinatoka sawa. Watu hufuata hivi: <= kwa bloku za kloki, = kwa zile za mantiki tupu, zenye hazingoji kloki. Ifuate tu hata kabla uielewe.

Zoezi la kuwasha LED silipendi sana. Linafunza kuhesabu basi, Tang Nano 9K (bodi ndogo ya FPGA, ile chipu unaipangia saketi mwenyewe) iko na kloki ya MHz 27, so ukitaka taa ibadilike kila nusu sekunde unahesabu hadi 13,500,000, na hiyo inataka kaunta ya biti 24. Umejua, songa.

Jaribu mashine ya maji, zile unatumbukiza koini jerikeni inajazwa. Tuseme bei ni 15 na inakubali koini ya 5 na ya 10 pekee. Chora kwanza kwa karatasi, usiguse kibodi. Hali ni tatu: haijapokea kitu, iko na 5, iko na 10. Ikiwa na 10 upewe 5, toa maji urudi sifuri, lakini ukipewa 10 ingine, toa maji na chenji ya 5. Hali tatu zinaingia kwa flipiflopu mbili (kila moja inakumbuka biti moja), lakini flipiflopu mbili ziko na mipangilio minne, so kuna moja imebaki bure, 11. Siku biti zikijikuta hapo mashine itafanya nini? Ndio maana unaweka default inarudisha kila kitu sifuri (ingawa kuna zana zikiona hali haifikiki zinaitupa tu, hiyo tutaongea siku ingine).

Sasa utamu uko kwa chenji. Ukiandika kwa bloku ya mantiki kwamba 10 juu ya 10 chenji = 1, halafu kwingine kote ukanyamaza, Verilog haichukulii kunyamaza kwako kama sifuri. Inachukulia umesema thamani ibaki vile ilikuwa, na ili ibaki lazima kitu kiikumbuke, so unatengenezewa lachi hukuomba. Mteja mmoja akishapata chenji, laini inakwama juu na mashine inaendelea kugawa pesa. Dawa ni mstari mmoja, chenji = 0 pale juu kabisa ya bloku, kabla ya case. Na usome logi ya Yosys, ile zana inageuza Verilog kuwa mageti, itakuambia kama kuna lachi imezaliwa, wengi hawasomi.

Hayo yote hayataki bodi. Verilog yenyewe ilitoka Gateway Design Automation kule Marekani miaka ya 1980 ikiwa ya kusimuleti, mambo ya kugeuza maandishi kuwa mageti yakafuata baadaye, ndio unapata vitu kama #10 ya kuchelewesha ziko kwa lugha na haziwezi kuwa saketi. Kwa testibenchi, ile kodi ya kujaribu tu, ni sawa, kwa moduli yako, saketi yenyewe, toa. Icarus Verilog ya kusimuleti na GTKWave ya kuona mawimbi ya ishara ni za bure na hata laptopu ya kitambo inazibeba, tofauti na programu za kampuni kubwa za FPGA zinakula makumi ya GB, hiyo bando utalipia na nini.

Kwa simulesheni koini yako ni safi, inakuja kloki moja inaenda. Sensa ya ukweli haijui kloki yako. Ipitishe kwa flipiflopu mbili zinazofuatana kwanza ili iende na kloki yako, halafu utafute pale ishara inapanda tu, kwa sababu koini ikikaa mbele ya sensa milisekunde moja, kloki ya MHz 27 imeshapiga mara 27,000, na bila hiyo kinga koini moja ya 5 inanunulia Kondele mzima maji.

Hapo ndio nimefika. Kama kuna mtu upande wa Kibuye ako na kile kifaa cha kupokea koini, hata kama kimetolewa kwa mashine imekufa, aniambie bei.