Kutwa North Weald

Leo nimeshinda North Weald, Essex, nje kidogo ya London, nikiwatazama watu wakirusha ndege zao binafsi kutoka uwanja ambao mwaka 1940 ulikuwa kituo cha ndege za kivita aina ya Hurricane na ukapigwa mabomu ya Wajerumani. Karibu na uzio, mzee mmoja alikinga mafuta kidogo kutoka chini ya bawa la Cessna, akayainua kwenye mwanga ili ajue kama yameingia maji, akayamwaga, kisha akakinga mengine na kuyatazama upya.

Kisa cha uwanja huu kisichonitoka akilini ni cha tarehe 6 Septemba 1939, siku tatu tu baada ya Uingereza kuingia vitani. Ilitolewa taarifa isiyo sahihi kwamba ndege za adui zinakuja. Hurricane za hapa zikapaa kwenda kuzikabili, na Spitfire za Hornchurch, kituo jirani, zikazidhania kuwa ndizo hao Wajerumani, zikaangusha mbili. Rubani Montague Hulton-Harrop akafa, wa kwanza kuuawa miongoni mwa marubani wa ndege za kivita wa Uingereza katika vita vile, tena kwa risasi za wenzake. Kaburi lake liko kwenye kanisa la hapahapa kijijini.

Hornchurch yenyewe leo ni nyumba na bustani ya umma, na West Malling, kituo kingine cha zamani cha ndege za kivita kule Kent, nako pamejengwa. North Weald, ambako jeshi la anga liliondoka mwaka 1964 na halmashauri ya Epping Forest ikaja kununua ardhi, pamebaki kuwa uwanja wa ndege kwa sababu wapo wanaolipa ada ya kutua. Lipo pia jiwe la kuwakumbuka Wanorwe, ambao vikosi vyao vya 331 na 332 viliruka kutoka hapa kuanzia mwaka 1942, lakini jiwe peke yake halimzuii mtu kujenga.

Sidai kwamba starehe hii ya wenye nafasi (na tusidanganyane, ni ya wenye nafasi) ni ibada kwa marehemu. Yule mzee aliyekuwa akikagua mafuta hakuonekana kuwaza vita hata kidogo. Hata hivyo, ningekuwa diwani wa Epping Forest, ningepigania njia ile ya kurukia iendelee kutumika, ingawa najua ada zake haziwezi kushindana na bei ya viwanja vya nyumba.