Kilemba Kilichorudi

Ni siku ya sita tangu fundi wangu wa kuchonga mbao aliponirudishia kilemba, nacho bado kimekaa juu ya kabati, ndani ya karatasi ileile ya dukani. Wiki hii tumemwoza Zuhura na shuleni amekuja mwalimu mkuu mpya, lakini masikioni mwangu yamebaki maneno machache tu ya Jumamosi alasiri, tuliyoambiana baada ya kufagia maranda.

Katika pwani yetu mwanafunzi anayehitimu humpa fundi wake kilemba, na jina hilo limebaki hata pale kinachotolewa ni fedha tupu. Mimi nilitaka kiwe kitambaa chenyewe, cheupe, na fedha zimekunjwa ndani.

"Hiki ni nini, mwanangu?"

"Kilemba chako, fundi. Miaka mitatu imetimia."

Alikipokea kwa mikono miwili, akakitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa sauti ya upole: "Katika kazi zote ulizochonga hapa, ni mstari gani ulioanza kwako?"

Nilinyamaza. Mwanafunzi mwenzangu mdogo aliinamia patasi yake kana kwamba hakusikia.

"Basi kaa nacho," fundi akasema. "Siku yake ikifika nitakidai mwenyewe."

Kila usiku nimelitafutia swali lile jibu. Ningeweza kulitaja ua la kifuniko cha kasha, lakini ua lile alilichora yeye. Ningeweza kuitaja minyororo tuliyochonga kwenye miimo ya milango, lakini pete ya kwanza ilikuwa yake, nami nikairudia mpaka chini. Mwaka wa kwanza nilishika ufagio na kinoo, nikijifunza kunoa patasi kabla ya kuruhusiwa kuigusisha ubao. Miaka miwili iliyofuata nilichimba kando ya mistari ya penseli yake, na mkono ulipozoea kutotetemeka nikadhani nimehitimu. Kilichoniuma ni kwamba alisema kweli. Hapa Lamu wageni hununua visanduku na fremu za picha, kazi ndogo zinazokwenda haraka, na mwanafunzi anaweza kuzichonga miaka kumi kwa kufuata mstari wa mtu mwingine bila kulitambua hilo. Nimemfikiria sana Muhamadi Kijuma, mtu wa mji huu aliyefariki mwaka 1945, aliyetunga mashairi, akanakili hati na akachonga mbao; mkono wake ulizoea kalamu kama ulivyozoea patasi, nami nilikuwa nimejifunza patasi peke yake.

Jana, Alhamisi, nilikaribia kutokwenda. Nilipofika nilikuta mahali pangu pamelazwa ubao mrefu wa msaji uliokwisha kupigwa randa, nikaujua kwa upana wake kwamba ni mfaa, yaani ule mti wa katikati unaoshikizwa kwenye ubawa mmoja wa mlango na kuuficha ufa mabawa mawili yanapofungwa. Ndio jicho la mgeni huukuta kwanza, na kwa miaka mitatu sikuwahi kupewa hata mmoja. Niliugeuza huku na huku nikitafuta mistari yake, nisione hata mmoja. Juu yake ilikuwapo penseli iliyochongwa kwa kisu. Fundi aliporudi kutoka msikitini hakusema lolote juu ya ubao ule. Aliuliza tu kama kinoo kimetiwa maji.

Leo Ijumaa karakana imefungwa, nami tangu asubuhi nachora mezani. Karatasi kumi na moja zimejaa maua na mizabibu, na yote ni ya mkono wake, hata pale nilipojitahidi kumkwepa. Katika ya kumi na mbili, chini kabisa, pana jani moja lililojikunja kwa namna ambayo sijawahi kumwona akilikunja. Sijui limetoka wapi. Nimeogopa kuligusa tena, nimeiweka karatasi juu ya kabati, kando ya kilemba.

Mama amekohoa tena usiku kucha, na dawa aliyopewa imekwisha tangu juzi.