Ua la uani

Leo nimemwagilia yale maua ya pinki yenye petali tano yaliyojiotea nyuma ya nyumba, nikajikuta nimesimama tu na ndoo mkononi. Asili yake ni Madagaska. Ndani ya mmea huo ndimo inamotoka vinkristini, dawa aliyochomwa mwanangu kwenye mshipa alipougua saratani ya damu. Daktari alinieleza: seli ikitaka kujigawa hutengeneza vijinyuzi vya kuvuta kromosomu (vibeba urithi vya seli) pande mbili. Dawa inazuia vijinyuzi hivyo, seli inakwama hapo hapo na kufa. Imetumika tangu miaka ya 1960. Ila miguu ilimfa ganzi, choo nacho kikagoma siku nne, jamani!

Jirani akaniuliza, "Mama, si uchemshe tu majani?" Wee! Majani hayo ni sumu, na vinkristini iliyomo ni kidogo mno.

Iliyonishangaza zaidi ni lukemia ya promielositi, aina mojawapo ya saratani ya damu. Shanghai, Uchina, mwaka 1985, Dkt. Wang Zhenyi alimpa msichana wa miaka 5 mwenye ugonjwa huo asidi itokanayo na vitamini A. Hiyo haikimbilii kuua: inazisukuma seli changa za saratani zikomae, kisha zife kwa wakati wake. Msichana akapona.

Wangu sasa yuko darasa la tatu. Ndiye aliyeniita: "Mama, chai inapoa."