Siku Moja Machimboni Tororo: Baruti Isiyoshtuka Upesi

Saa 12:30 asubuhi. Mvua imenyesha usiku kucha, kwa hiyo naanza kwa kukagua mashimo yaliyochorongwa jana kwenye mwamba. Nateremsha kamba yenye uzito. Ikirudi imelowa, shimo hilo lina maji. Baruti yetu msingi wake ni amonia nitreti, chumvi inayoyeyuka majini. Ikilowa hulipuka nusunusu, au isilipuke kabisa.

Saa 2. Gari la baruti linaingia, afande amelisindikiza. Tunahesabu mifuko pamoja, natia sahihi.

Saa 3. Kikao cha usalama. Kijana mpya anauliza: kama hata nyundo haiishtui baruti hii, masharti yote haya ya nini? Swali zuri, nami silipiti haraka. Ni kweli haishtuki ovyo, ndiyo maana machimbo mengi yaliacha baruti za nitrogliserini, zinazoshtuka kwa urahisi. Lakini namsimulia Oppau, Ujerumani. Mbolea yenye nitreti hiyohiyo iliganda ghalani, na wafanyakazi walizoea kuilegeza kwa baruti. Walifanya hivyo mara nyingi mno, salama salimini. Tarehe 21 Septemba 1921 ikalipuka, ikaua watu zaidi ya 500. Beirut, Lebanoni, nako, tani 2,750 za nitreti hiyohiyo zilikaa ghalani miaka kadhaa, kimya, hadi moto ulipozifikia Agosti 2020, zikalipuka. Kitu kisichokutisha hukuzoesha, na mazoea hayo ndiyo ninayoyaogopa. Kijana hakuuliza tena, ila nilimwona akiisogeza simu yake mbali na viwashio, vile vifaa vidogo vinavyoanzisha mlipuko.

Saa 7. Wingu zito upande wa Mlima Elgon. Radi inaweza kuwasha viwashio, basi ngurumo ya kwanza tu, wote tunatoka. Mkubwa wa kazi analalamika kuhusu muda. Alalamike.

Saa 9:30. Anga limetakata tena. King'ora, barabara imefungwa, wachunga mbuzi wamesogezwa. Mlipuko.

Moshi unapanda, na upande mmoja una rangi ya machungwa. Hiyo ni gesi ya nitrojeni dioksaidi, sumu ya mapafu, na ni dalili kwamba baruti ya hapo haikuungua sawasawa. Hakuna anayesogea mpaka upepo uusafishe.

Saa 11. Naingia kukagua peke yangu. Chini ya kifusi, upande uleule, naona chembe nyeupe ambazo hazikulipuka. Naweka bendera nyekundu, naandika ripoti, namweleza mkubwa wa zamu: mashine ya kuchoronga isikaribie hapo, wala tingatinga, mpaka mlipuaji mwenye leseni ahakikishe pako salama.