Kopo la sarafu za baba

Marehemu baba alifanya kazi ya reli Tabora kwa miaka mingi, na miongoni mwa vitu alivyotuachia ni kopo la Blue Band lililojaa sarafu kuukuu. Katika kikao cha mirathi tulikubaliana kwamba ziuzwe na kila mtoto apate fungu lake. Kwa kuwa ninaishi Dar es Salaam, kazi hiyo nilikabidhiwa mimi, ingawa nilichojua kuhusu sarafu ni kusoma mwaka ulioandikwa tu.

Kosa langu kubwa nililifanya kabla sijaonana na mnunuzi yeyote. Nilichagua hela nne za Kijerumani, zile ndogo za shaba zilizopigwa kati ya 1904 na 1913, ambazo ndizo zilizotuachia neno “hela”, nikazisugua kwa limau na majivu kama tunavyosugua sufuria. Zilikuwa na rangi ya kahawia iliyoiva. Nilipomaliza, ziling’aa kama waya mpya wa umeme, na mikwaruzo myembamba ilikuwa imepita juu ya taji. Nilizitazama kwa furaha, nikiamini kwamba nimeziongezea bei.

Sonara wa kwanza niliyemwendea alitaka kununua kopo zima kwa kilo. Nilikataa, si kwa sababu nilijua thamani yake, bali kwa sababu hakuitazama hata sarafu moja. Wiki mbili baadaye nilielekezwa kwa mzee mmoja anayekusanya sarafu, naye alizimwaga juu ya kitambaa na kuzipitia moja moja kwa kioo cha kukuzia. Alipofika kwenye zile hela nne alizisogeza kando kimya kimya, kisha akanieleza kwamba ile rangi ya miaka ndiyo inayoonyesha kuwa uso wa sarafu haujaguswa, na kwamba ikishaondolewa hairudi tena. Niliumia sana, kwa maana baba alizihifadhi maisha yake yote bila kuzisugua.

Mengi niliyoyadhania yaligeuka siku hiyo. Riale yenye mwaka 1780 niliyoiona kuwa hazina ni ya Maria Theresa, malkia wa Austria aliyefariki mwaka huohuo, na riale hizo ziliendelea kupigwa kwa tarehe ileile hata katika karne ya 20; thamani yake ipo hasa katika madini, kwani ina uzito wa gramu 28 na sehemu kubwa yake ni fedha halisi. Shilingi za simba zilizopigwa kuanzia 1921 hadi 1946 zina robo tu ya fedha. Senti kumi ya tundu ya 1936, yenye jina la Edward VIII, mfalme wa Uingereza aliyetawala kwa muda usiofikia mwaka, nilikuwa nimeambiwa ni adimu, kumbe zilipigwa kwa wingi. Hizo zote nilimuuzia yule mzee kwa bei tuliyoandikiana kwenye karatasi, sarafu kwa sarafu, na nakala nikawatumia ndugu zangu.

Ilibaki moja, hela ishirini ya 1916, nzito, yenye taji, herufi DOA, kifupi cha jina la Kijerumani la koloni lao la Afrika Mashariki, na T ndogo ya Tabora. Wakati wa vita meli za Waingereza zilikuwa zimefunga bahari, na sarafu hazikuweza kufika kutoka Ujerumani, hivyo Wajerumani walizipiga wenyewe katika karakana ya reli Tabora. Mzee aliitajia bei nzuri kuliko nilivyotarajia. Nilimwomba anirudishie, nikampigia simu kaka yangu mkubwa, nikamwambia kwamba thamani yake ikatwe kwenye fungu langu. Aliniuliza swali moja tu, kama nimeisugua. Sasa ipo ndani ya bahasha ya karatasi kabatini kwangu, pamoja na kitambulisho cha kazi cha baba, na weusi wake wote uko palepale.